Dole Gumba Langu Silitoi

Chumba cha mashine cha hospitali pale Same nimekisafisha mimi tangu kilipofunguliwa, na sijawahi kung'oa waya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza, na kwa sababu mpaka leo wapo wanaolisema chinichini. Waje wasemee hapa, nina kiti cha ziada. Na wewe mwanangu unayeniandikia, usinirekebishe. Andika ninavyosema.

Same ina vumbi, hilo halina mjadala. Upepo unateremka mlimani, unafika tambarare, unaokota vumbi lote na kukuletea mpaka ndani ya sufuria ya makande. Sasa mzungu aliyetuletea zile mashine alikuwa anasema kwa pua: "Vumbi hapana, mama. Vumbi mbaya saaana." Nikamwambia basi ungezipeleka Usangi, kule wana ukungu tu. Akacheka, akanipa kitambaa cha bluu. Hakuelewa hata neno moja, lakini kitambaa kilikuwa kizuri.

Mwanzo nilikuwa nafagia wodi ya wazazi. Siku moja katibu wa hospitali akaniita ofisini. Katibu ni mtu mrefu, shati lake limenyooshwa mpaka unaogopa kulisogelea, na anaongea kama yuko madhabahuni hata akiomba chumvi. Akafunga mikono, akafumba jicho moja: "Bibi yetu mpendwa. Menejimenti, baada ya kutafakari kwa kina, imeona ikukabidhi chumba nyeti."

"Sehemu nyeti mimi naijua moja tu baba," nikamwambia, "na hiyo haina kiyoyozi."

Hakucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yake.

Basi nikapewa ufunguo. Chumba kina baridi ya kileleni Shengena asubuhi, mashine zimesimama kwenye vyuma, zinanguruma, zina vitaa vya kijani vinavyokukonyeza kama vijana wa stendi. Katikati kuna kabati jeusi, zito, limejaa diski. Aliyenieleza lile kabati ni fundi wa kompyuta, kijana wa kwetu huko juu mlimani, mpaka mama yake namjua. Anaongea haraka, mwisho wa maneno anaumeza, na kwake hakuna kitu kigumu, vyote ni "simpo".

"Simpo bibi. Hili kabati ni ghala. Picha za eksirei, majibu ya maabara, mafaili ya wagonjwa, vyote vinalala humu. Hizi mashine nyingine ni kompyuta za idara, hazina tumbo. Zinapita kwenye hizi waya, zinakuja kuchota kwenye ghala."

"Kama ndiva," nikasema. Ndiva kwetu ni bwawa la kukinga maji ya mfereji, watu wanapewa zamu ya kufungulia mashambani.

"Eeh! Kama ndiva. Na ghala halimpi kila anayekuja. Linaijua kila mashine yake na fungu lake. Mashine isiyoijua, inaondoka mikono mitupu."

"Basi lina akili kuliko mgawa maji wetu. Yule alikuwa anaanza na wajane wazuri."

Akacheka mpaka akashika meza. Tulipatana. Mashine zake alizipa majina, na majina yenyewe ya kwao. Nikifuta ile ya maabara ananiambia, "Polepole bibi, huyo ni bibi yangu mzaa mama." Ile ya eksirei ilikuwa na jina la babu yake. Nikimkuta anaipigapiga mgongoni ikiwa nzito kuamka, namwambia, "Mtoto gani anampiga babu yake?" Nilimwona kijana mwenye adabu. Na anayo, sitaki mtu aseme hana.

Sasa. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, na mashine ya eksirei ikafa. Nilisikia harufu, kama nywele zimeguswa na mkaa. Fundi akaizungukia, akapuliza, akafungua, akafunga, mwisho akatikisa kichwa. Mashine mpya ikaja. Akaifunga Jumamosi, mimi nikamletea chai, akaniambia, "Simpo bibi, imekubali." Akapiga picha moja ya majaribio kule chumba cha eksirei, mkono wa mlinzi. Ukatokea vizuri na pete yake.

Jumatatu nikafagia, nikapiga deki, nikafuta vumbi, nikafunga mlango. Nilikuwa sijamaliza hata kukamua tambara, nikasikia kelele kutoka chumba cha eksirei. Daktari wa mifupa alikuwa anataka kulinganisha mguu wa leo na mguu uleule wa mwezi uliopita. Wa leo upo kwenye kioo, wa mwezi uliopita haupo. Wakajaribu kifua cha mtu mwingine, hakipo. Picha zote za zamani zimekaa ghalani na ghala limenuna.

Fundi akaja anakimbia. Akabadilisha waya, bado. Akakaa kwenye kompyuta, akagonga, akasema mwenyewe kwa sauti, huku mimi nimesimama na ndoo yangu:

"Jina la mashine lipo kwenye ghala. Ruhusa ipo. Mashine yenyewe hii hapa imewaka. Kwa hiyo si mashine, si ghala." Akageuka akaangalia sakafu iliyokuwa bado ina unyevu. "Bibi, ulipopiga deki, hukugusa hapa nyuma?"

"Nimegusa vumbi."

"Waya hukuvuta?"

"Mwanangu, ningevuta waya ningekuwa nimelala hapo chini na wewe ungekuwa unanililia."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Na mimi nikadhani yameisha. Kumbe alipoulizwa na katibu alijibu, kwa ile sauti yake ya kumeza, "Itakuwa poti imeingia maji." Poti ndilo tundu la kuchomekea waya. Maji ya nani? Ndani ya kile chumba mwenye maji ni mmoja tu.

Kesho yake asubuhi, kwenye sala. Hospitali yetu inaanza siku kwa sala, wauguzi, madaktari, wapishi, walinzi, wote tunasimama kwenye kile kibaraza, tunaimba pambio, halafu matangazo, ndipo tunaketi kwenye mabenchi kusikia neno. Katibu akasogea mbele. Akafunga mikono.

"Wapendwa. Kwa masikitiko makubwa, ninawataarifu kwamba huduma yetu imepata pigo. Pigo hili limeletwa na uzembe katika usafi. Tuwaombee walio wepesi wa mikono na wazito wa uangalifu."

Walio wepesi wa mikono! Hakunitaja jina, lakini vichwa vyote viligeuka kama alizeti. Mpishi aliyekuwa karibu yangu akasogea kando kidogo, kama vile uzembe unaambukiza. Nimezaa, nimezika, nimekula njaa na watu wazima wenzangu, lakini sijawahi kusimama mahali nikawa jua la namna ile.

Baada ya sala nikaitwa ofisini. Karatasi ipo mezani, na kidau cha wino wa bluu kimefunguliwa, kinanisubiri.

"Bibi, hapa umeeleza kwamba kwa bahati mbaya ulimwaga maji kwenye mitambo. Weka dole gumba hapa. Hatutakufukuza. Utahamia kufulia hadi mkataba wako uishe. Ni kwa upendo."

"Nimeeleza lini?"

"Tumekuandikia. Kukusaidia."

Hapa nieleze kitu, maana kuna watakaosema dole tu, si angeweka akaenda zake. Mimi sikusoma. Jina langu nikiliona ukutani nalipita kama mgeni. Kwenye karatasi, dole gumba ndiyo mimi mzima, na sura yangu, na mama yangu. Nililiweka bomani siku ya ndoa. Nililiweka nilipomzika mume wangu. Nalitumia kwenye kura, na mniache na niliyempigia. Kila nilipoliweka palikuwa na ukweli. Sasa niliweke chini ya uongo alioutunga mtu mwenye shati la kunyooshwa?

"Dole gumba langu silitoi," nikasema.

"Bibi, usiwe mgumu."

"Mimi ni wa mlimani baba, ulaini nitautoa wapi?"

"Basi nenda kufulia tukusubiri utulie."

"Kufulia siendi. Ufunguo chukua, huo ni wako. Lakini nitakaa mlangoni pa kile chumba mpaka huyo mtaalamu wa ghala nasikia mmemwita kutoka Dar aseme ni maji. Akisema ni maji, nitaweka dole la mkono na la mguu."

Nikampa ufunguo. Nikaenda, nikaigeuza ndoo, nikakaa. Manesi walipita wananiangalia kwa pembe ya jicho. Mmoja akaninong'oneza, "Bibi, kubali tu, yaishe." Nikamjibu kwa sauti ya katibu, mikono nimefunga: "Mpendwa, baada ya kutafakari kwa kina, nimekataa." Alikimbilia wodini akiwa ameziba mdomo. Baadaye nikasikia wodi nzima inacheka. Haya, nikajua si wote walio upande wa pili.

Mtaalamu akafika alasiri na basi la Dar. Nilitegemea mbaba mwenye mkoba. Akaja binti, raba miguuni, nywele fupi, begi mgongoni, anatafuna bigijii. Shikamoo yake ilikuwa ya mbio lakini alipiga goti kidogo, nikamwandikia hiyo moyoni.

"Marahaba. Wewe ndiye unayejua maji?"

"Maji?" Akaangalia ndoo yangu, akaangalia katibu aliyemfuata nyuma. "Mimi najua ghala, bi mkubwa."

Katibu akaanza: "Kama nilivyokueleza kwa simu, poti imeharibika kutokana na uzembe..."

"Poti nitaiona mwisho," binti akasema. "Kwanza tujue nani ameungwa hapa. Wote. Mmoja mmoja."

"Lakini inayosumbua ni ya eksirei tu."

"Najua. Hata harusini, mgeni mmoja akileta vurugu, unaangalia orodha nzima ya mlangoni."

"Na bibi atupishe, tafadhali, hapa ni..."

"Nyeti," nikasema mimi. "Sitoki."

Binti akaniangalia, akaacha kutafuna. "Mwacheni. Mlango upo wazi, joto likiingia mtanilaumu mimi."

Basi akaketi chini, kwenye sakafu yangu, akafungua kompyuta yake mapajani. Akamwambia fundi aende nyuma ya mashine na tochi.

"Upande wangu hapa naona waliopewa ruhusa na ghala," akasema. "Wewe huko utanisomea waliofika. Maabara."

Fundi akasoma jina la bibi yake mzaa mama.

"Sijauliza jina. Jina unaandika mwenyewe kwa vidole, hata ukitaka uandike Malaika. Nisomee namba ya kadi, hapo mgongoni waya unapoingia. Kila kadi inazaliwa na namba yake kiwandani, haifanani na ya mwenzake popote." Akanigeukia. "Kama hilo dole gumba lako ninaloambiwa umelinyima."

"Limeshasikika mpaka Dar?"

"Katibu alinilalamikia njia nzima kutoka stendi."

Fundi akasoma, herufi na tarakimu zimechanganyika, ndefu kama nasaba ya watu wa kwetu. Binti akafuata kwa kidole. "Sawa. Masjala?" Akasoma. "Sawa. Famasi?" Akasoma. "Sawa." Katibu alishaanza kuangalia saa. Mimi nilikuwa nimeshikilia kingo za ndoo. Msidhani sikuogopa. Nilijua sikumwaga maji, lakini mashine nilikuwa sizijui, na nilijiuliza, je, kama ule unyevu tu wa sakafu unatosha? Kama unatosha, nimeshaahidi na dole la mguu.

"Eksirei."

"Hiyo ipo, jina lake..."

"Kaka. Namba."

Akasoma. Mwanzo wa namba ulienda vizuri, binti anaitikia kwa kichwa. Kwenye mkia akaacha kuitikia.

"Rudia mkia."

Akarudia.

"Rudia tena, polepole, usimeze."

Safari hii hakumeza hata kipande. Binti akanyanyua uso. "Huyu uliyenaye huko simjui. Hapa kwenye ghala kuna mtu mwenye jina hilohilo lakini namba nyingine. Ni nani?"

Fundi akatoka nyuma ya mashine, na nilivyomwona uso, nilijua kabla hajafungua mdomo kwamba deki yangu imeokoka.

"Hiyo namba ni ya... ya ile ya zamani."

"Iko wapi?"

"Stoo. Ilikufa."

"Kwa hiyo ghala linamsubiri marehemu, na huyu mgeni kila akibisha hodi halimjui. Na wewe ukiangalia unaona jina lipo, unaridhika." Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa kweli. "Sasa kaka, kwa nini ulimpa mpya jina la marehemu?"

Fundi akajikuna shingo. "Ndivyo tunavyofanya."

"Nani aliwafundisha? Kozi gani hiyo?"

Hapo nilishindwa. Nilicheka mpaka ndoo ikayumba. Mlangoni walishajikusanya manesi na yule mlinzi mwenye pete, wote watu wa milimani, nao wakaangua kicheko, hata kijana mwenyewe akashindwa kujizuia. Aliyebaki hajui kinachochekesha ni binti wa Dar peke yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyu hakufundishwa na kozi. Kwetu mzee akiondoka, jina lake haliachwi likalala nje. Mtoto anayezaliwa analichukua. Kwangu mimi wajukuu wenye jina la mume wangu wamejaa, kila mwanangu wa kiume ametoa wa kwake. Siku moja karani wa sensa alisimama uani akaita jina, wakatoka watoto, wakatoka na mbuzi. Sisi tunawajua kwa mama zao. Huyu kijana babu yake wa eksirei alikufa, akaja mtoto mchanga, angempa jina gani? La mpangaji?"

Binti akaangalia mashine, akaangalia fundi. "Ila jamani," akasema. "Ghala halijui matanga."

Akagonga vitufe. Akamfuta marehemu kwenye ruhusa, akamwandika mgeni na namba yake ya kuzaliwa. Akamtuma nesi akajaribu kufungua picha. Tukasubiri. Nesi akarudi anakimbia, "Mguu upo! Wa mwezi uliopita upo!"

"Na poti?" nikauliza. Niliuliza kwa sauti ya kusikika.

Binti akainama, akamulika na tochi. Akapitisha kidole, akakiangalia. "Kavu. Safi kuliko za Dar."

Katibu akafunga mikono. "Basi tumshukuru Mungu, tatizo limekwisha. Sasa kwa upande wa kijana, itabidi ile karatasi tuibadilishe kidogo, aeleze yeye kwa..."

"Ile karatasi ichane," nikasema. "Asubuhi ulinikuta mimi na ndoo, sasa unamkuta huyu na tochi. Karatasi yako inatafuta mtu tu wa kulala naye."

Manesi walisema "Hee!" na mimi neno langu sikulirudisha. Fundi akanishika mkono. "Bibi, nisamehe." Nikamwambia tutaongea, na kweli tuliongea, nilimwambia mengi, mengine siwezi kuyasema mbele ya karatasi. Lakini ya katibu yalikuwa hayajaisha. Alinitangaza kibarazani mbele ya watu, kwa hiyo pole ya ofisini haikunihusu.

Asubuhi iliyofuata, kwenye sala, nilisimama mstari wa mbele, ambako huwa wanakaa madaktari. Pambio likaimbwa. Katibu akasogea.

"Wapendwa. Nawataarifu kwamba ile changamoto ya kiufundi imetatuliwa. Tuketi."

Wakaketi wote. Mimi nikabaki nimesimama.

"Bibi, tunaketi."

"Miguu imegoma, baba. Inasubiri tangazo."

"Tangazo limetoka."

"Lililotoka ni la mashine. La kwangu bado."

Mtu akakohoa. Daktari wa mifupa akaangalia viatu vyake. Katibu akanitazama, akaona sitikisiki. Nadhani alihesabu pia wagonjwa waliokuwa wameanza kupanga foleni huku wanatutazama. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea bila madhabahu, sauti ndogo, kama mtu anayemuuliza mkewe soksi ziko wapi.

"Bibi hakumwaga maji. Hakugusa waya. Nilisema vibaya."

"Wa nyuma wamesikia?" nikauliza.

"Tumesikia!" wakajibu wapishi, na yule aliyekuwa amenisogea kando ndiye aliyejibu kwa nguvu kuliko wote.

Nikaketi.

Baada ya hapo akanirudishia ufunguo mwenyewe, lakini alikuwa na neno la mwisho, watu kama wale hawalali bila neno la mwisho. "Bibi, kwa usalama, kuanzia sasa nyuma ya mashine usiguse."

"Nitagusa," nikamwambia. "Nyuma ndiko vumbi linakokaa. Ukitaka lisiguswe, mwambie upepo wa Same usipite, ukikukubalia nitaenda kufulia."

Nikachovya tambara, nikakamua mpaka tone la mwisho likaisha, nikaingia, nikaanzia kwa yule mpya wa eksirei.